Wazee mtandaoni: historia fupi ya upweke na dawa zake

Kuna kauli moja nimeisikia mara nyingi mno hapa mjini, kazini, kwenye daladala, hata kwenye vikao vya harusi. Eti upweke wa wazee ni ugonjwa wa Wazungu. Sisi tuna ukoo, tuna majirani, tuna undugu, mzee wa Kiafrika hawezi kuwa mpweke. Ukimuuliza msemaji ni lini mara ya mwisho ameongea na bibi yake, anakujibu haraka: "Nilimtumia hela wiki iliyopita." Jamani, kutuma hela na kuongea ni vitu viwili.

Juni 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti ya tume yake inayoshughulikia mahusiano ya watu. Ripoti inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Hayo yaliandikwa sana magazetini. Lakini iko takwimu nyingine ambayo sikuona ikijadiliwa huku kwetu. Katika nchi za kipato cha chini, watu wanaosema ni wapweke ni karibu asilimia 24. Katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Yaani tunaodhaniwa kuwa na dawa ndio tunaoumwa mara mbili zaidi. Benki ya Dunia iliihamishia Tanzania kwenye kundi la kipato cha kati cha chini mwaka 2020, kwa hiyo kwa hesabu za karatasi sisi hatumo kwenye ile 24. Majirani zetu Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wamo. Sidhani kama kuna mtu anaamini kwamba upweke unasimama kwenye mpaka wa Mutukula ukasubiri kugongewa muhuri.

Ripoti hiyo hiyo inakadiria kuwa wazee waliotengwa na watu wanaweza kufikia 1 kati ya 3. Basi leo nataka tuangalie nyuma kidogo. Watu walianza lini kufikiri kwamba mashine inaweza kumwondolea mzee upweke? Walijaribu nini, kipi kilifanya kazi na kipi kilishindikana? Nimesoma habari hizi kwa muda na naona zina somo kwetu sisi tuliokimbilia mjini.

Kwanza, upweke ni nini hasa?

Mwaka 1957 mtafiti Mwingereza Peter Townsend alichapisha kitabu kuhusu maisha ya kifamilia ya wazee wa Bethnal Green, mtaa wa watu wa kipato cha chini mashariki mwa London. Alipita nyumba kwa nyumba akiwahoji. Alichokigundua kinaonekana kidogo, lakini kilibadilisha mambo: kukaa peke yako na kujisikia mpweke si kitu kimoja. Alikutana na wazee wasiotembelewa na mtu ambao hawakulalamika, na akakutana na wengine wenye ndugu mlangoni ambao walikuwa wapweke sana. Kilichowaumiza zaidi hao wa pili ni kumpoteza mtu. Mke amekufa, mume amekufa, mtoto amehama.

Mwaka 1973 Mmarekani Robert Weiss akalifafanua zaidi. Akasema kuna upweke wa kukosa kundi la watu, yaani huna kijiwe, huna majirani wa kupiga nao soga. Na kuna upweke wa kukosa mtu mmoja wa karibu, yule unayeweza kumwambia lolote. Huwezi kutibu mmoja kwa dawa ya mwingine. Ukimpeleka mama aliyefiwa na mumewe kwenye kikundi cha wanawake 50, atacheka nao, halafu jioni atarudi kwenye kitanda kile kile.

Yakumbuke haya mawili, kwa sababu mtandao ulipokuja ulikuta upweke wa aina zote mbili, na si zote ulizoziweza.

1986: wazee na modemu

Mwaka 1986 Mary Furlong, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha San Francisco, alianzisha mradi wa utafiti kwa fedha za Markle Foundation. Swali lake lilikuwa rahisi: kompyuta na mawasiliano ya simu vinaweza kuyafanya maisha ya watu wazima wa miaka 55 na kuendelea yawe bora? Mradi uliitwa SeniorNet.

Fikiria huo mwaka. Wavuti tunayoijua haikuwepo, Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake mwaka 1989. Kompyuta ilikuwa kifaa cha ofisini na cha vijana wenye miwani minene. Kuingia mtandaoni maana yake ni kuunganisha modemu kwenye waya wa simu, kusikiliza zile kelele, kisha kusoma maandishi matupu kwenye kioo. Wengi waliamini mzee hawezi na wala hataki.

Wazee walitaka. Mwaka 1990 SeniorNet ikasimama yenyewe kama shirika lisilo la kibiashara, ikafungua vituo vya mafunzo, na wazo lake likavuka bahari mpaka New Zealand. Kitu ninachokipenda katika habari hii ni jinsi vituo vile vilivyoendeshwa. Aliyefundisha alikuwa mzee aliyejitolea, akimfundisha mzee mwenzake. Hakuna kijana aliyenyakua kipanya na kusema "leta nikufanyie" huku akibofya kwa kasi ambayo hata mimi nisingeifuata. Mwalimu alijua macho yanavyosumbua na vidole vinavyotetemeka kwa sababu na yeye vilikuwa vyake. Na baada ya darasa walikunywa kahawa. Huenda nusu ya dawa ilikuwa kwenye ile kahawa.

Furlong alisema alikuwa anapima kompyuta, lakini mimi naona alifungua kijiwe. Kompyuta ilikuwa kisingizio kizuri cha watu kukutana, kama bao lilivyo kisingizio kwa wazee wetu.

Binti wa benki huko Japani

Japani nako kuna mama mmoja, Masako Wakamiya, aliyezaliwa mwaka 1935. Alifanya kazi benki maisha yake yote ya ajira. Alipokaribia kustaafu, miaka ya 1990, alikuwa na mama mzazi wa kumuuguza nyumbani. Akaona mbele yake maisha ya kufungiwa ndani, asiweze kutoka kukutana na marafiki. Akanunua kompyuta. Ilimchukua miezi kadhaa kuifanya ifanye kazi, kisha akajiunga na klabu ya wazee ya mtandaoni iitwayo Mellow Club. Akawa anamuuguza mama yake chumba hiki, na chumba kile anaongea na watu wa Japani nzima.

Hakuishia hapo. Aliona programu za kuchora hesabu kwenye jedwali zinawachosha wenzake, akabuni mtindo wa kutumia Excel kuchorea mapambo kwa kupaka rangi vile visanduku. Mwaka 2017, akiwa na miaka 81, akatoa mchezo wa simu uitwao Hinadan, wa kupanga wanasesere wa sikukuu ya wasichana ya Japani kwa mpangilio sahihi. Aliutengeneza kwa sababu michezo iliyokuwepo ilitaka vidole vya haraka na wazee wakawa wanashindwa na wajukuu. Kwenye mchezo wake, anayeshinda ni anayejua mila. Mwaka huo huo akakutana na bosi wa Apple, Tim Cook, huko Marekani, na mwaka 2018 akazungumza Umoja wa Mataifa.

Ukisoma habari za mama huyu haraka haraka, unaona bibi mwerevu tu wa kushangiliwa. Mimi nakuomba uangalie alipoanzia. Alianza na mzigo ambao wanawake wengi wa hapa kwetu wanaujua: kumlea mgonjwa nyumbani, mwaka baada ya mwaka, huku marafiki wakipungua mmoja mmoja. Anayeuguza naye ni mpweke. Huyo hatumhesabu kabisa.

Halafu zikaja habari mbaya

Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitoa utafiti uliotikisa. Walikuwa wamezipa kompyuta na intaneti kaya 73 za Pittsburgh, watu 169, wakawafuatilia mwaka mmoja hadi miwili ya kwanza. Waliotumia intaneti zaidi waliongea kidogo zaidi na watu wa nyumbani, idadi ya watu wao wa karibu ikapungua, na upweke na sononi vikaongezeka kidogo. Watafiti wakakiita kitendawili: chombo cha mawasiliano kinaleta upweke. Magazeti yakakichangamkia.

Kaya zile zilikuwa nyingi ni za familia zenye vijana, si za wazee. Lakini hofu ikasambaa kwa wote. Ikabidi Kraut mwenyewe arudi uwanjani, na mwaka 2002 akachapisha majibu mapya. Athari nyingi mbaya zilikuwa zimeyeyuka. Kilichobaki ni hiki: wale wachangamfu na wenye watu tayari walifaidika zaidi na mtandao, wale wakimya na wasio na watu hawakufaidika, wengine waliumia. Mwenye nacho huongezewa.

Naona hapo ndipo mjadala mzima ulipo mpaka leo. Ukimpa simu mzee mwenye ndugu wanaompenda, umemwongezea raha. Ukimpa simu ile ile mzee asiye na mtu, umempa tochi yenye kioo.

Mwaka wa wazee: 2006

Agosti 2006 Mwingereza mmoja, Peter Oakley, alikaa mbele ya kamera ya kompyuta yake na kurekodi video fupi ya majaribio, akaiweka YouTube, tovuti iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Alikuwa amefiwa na mkewe, anaishi peke yake, na mwezi huo huo alikuwa anatimiza miaka 79. Akaendelea kusimulia: utoto wake, shule, vita, kazi yake ya rada jeshini, pikipiki. Hakukuwa na muziki wa maana wala mapambo. Ndani ya wiki chache akawa mtu mwenye wafuatiliaji wengi kuliko mwingine yeyote YouTube. Vijana wa mabara yote walikuwa wanamsikiliza babu wa Kiingereza akisimulia.

Nimejiuliza kwa nini. Jibu langu ni kwamba na wao walikuwa wapweke. Kijana wa Ulaya au Marekani ambaye babu yake yuko makao ya wazee hakuwa na mtu wa kumsimulia chochote. Oakley alikosa wasikilizaji, wao walikosa msimuliaji, wakakutana. Alirekodi video zaidi ya 400, akawaaga watazamaji wake mapema mwaka 2014, akafariki Machi mwaka huo.

Desemba ya mwaka huo huo wa 2006, huko Galicia kaskazini magharibi mwa Hispania, bibi María Amelia López alitimiza miaka 95. Mjukuu wake akampa zawadi ya ukurasa wa mtandaoni wa kuandikia. Bibi mwenyewe alitania kwamba mjukuu ni bahili, kampa kitu cha bure. Macho yalikuwa yamefifia, kwa hiyo yeye alisema na mjukuu akaandika. Aliandika habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, siasa, maradhi, mambo ya kawaida ya siku. Watu zaidi ya milioni walimsoma, mwaka 2007 akapata tuzo ya kimataifa ya Deutsche Welle kwa lugha ya Kihispania, mpaka waziri mkuu Zapatero akakaa naye. Alifariki Mei 2009 akiwa na miaka 97.

Ona ile picha: bibi anasema, mjukuu anaandika. Kwa miaka miwili na zaidi mjukuu alikaa pembeni yake akimsikiliza. Hata kama asingesoma mtu yeyote, dawa ilikuwa tayari imenywewa.

Na sisi je?

Tusijifanye kwamba hatukuwa na mtandao wetu. Kabla ya simu za mkononi tulikuwa na barua, na barua ya babu kijijini ilisomwa kwa sauti na mtoto wa darasa la tano, mbele ya watu, na majibu yakaandikwa na mtoto huyo huyo. Mzee alijua habari za mjini na mtoto alijua siri za ukoo. Tulikuwa na kadi za salamu za redio. Mtu ananunua kadi, anajaza majina ya ndugu na marafiki, anaituma redioni, kisha anasubiri siku nzima jina lake lisomwe. Tanzania na Kenya kulikuwa na watu maarufu nchi nzima kwa kutuma salamu tu, na wengi wao walikuwa watu wazima. Walijuana kwa majina bila kuonana, wakatembeleana, wakazikana. Ukitaka kujua wapi pengine watu walijenga urafiki kwa mbali kabla ya kompyuta, usiende San Francisco.

Kisha zikaja simu za mkononi, na mwaka 2007 ikaja M-Pesa Kenya, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Tangazo lake la mwanzo Kenya liliwahimiza watu watume pesa nyumbani. Kazi kubwa hiyo, sitaibeza, bibi zetu wangapi wamepona kwa sababu hela ya dawa ilifika kwa dakika moja? Lakini kitu kingine kikaondoka kimya kimya. Zamani hela ilibebwa na mtu. Mtu huyo alifika, akakaa, akala, akalala, akasimulia. Siku hizi inakuja meseji yenye namba ya muamala. Mzee anakwenda kwa wakala, anatoa, anarudi. Hakuna aliyekaa kwenye kigoda chake.

Wavuti ya kasi ilitufikia baada ya nyaya za baharini kuanza kutua Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Mwaka huo huo ikazaliwa WhatsApp. Ila kwa wazee wetu mwaka muhimu zaidi nadhani ni 2013, Agosti, pale WhatsApp ilipoongeza ujumbe wa sauti. Kabla ya hapo mtandao ulimtaka mzee asome herufi ndogo na kubonyeza vitufe vidogo. Sauti ikaondoa miwani na ikaondoa swali la kujua kusoma. Ni kadi ya salamu ile ile, sasa mtangazaji ni wewe.

Bibi yangu mzaa mama yuko Muheza, Tanga. Mjomba alimnunulia simu ya kupangusa mwaka 2019, akamwingiza kwenye kundi la ukoo. Miezi ya kwanza alinyamaza. Kundi lilikuwa la michango: ada, harusi, arobaini. Siku moja binamu akaandika jina la marehemu babu wa babu yetu vibaya kwenye tangazo la msiba. Bibi akasomewa, akashika simu, akatuma ujumbe wa sauti wa dakika 4 akipanga ukoo kutoka juu mpaka kwa huyo binamu, nani alimzaa nani, nani alihamia Pangani na kwa nini. Jogoo anawika nyuma. Tangu siku hiyo hakuna anayeandika habari ya ukoo bila kumuuliza. Na mimi ananitumia sauti karibu kila jioni: "Mume wangu, umekula?" Wanaojua utani wa bibi na mjukuu hawatashangaa.

Nilimuuliza kama simu imempunguzia upweke. Akafikiri, akaniambia simu ni nzuri ila "haishiki mkono". Kisha akasema: zamani mlikuwa mnanipigia kunijulia hali, sasa mnanipigia kuniuliza. Kuulizwa ndio kizuri.

Anayehitajika hachoki

Maneno ya bibi yananirudisha kwenye historia. Mwaka 2009 profesa Sugata Mitra, kupitia gazeti la Guardian la Uingereza, aliomba watu wazima wenye muda wa ziada wajitolee kuongea na watoto wa shule wa India kwa Skype. Walijitokeza wengi, wakiwamo walimu wastaafu, wakawa wanawasomea watoto hadithi kwa mbali. Wakaitwa wingu la mabibi. Mwaka 2014 shule moja ya lugha ya Brazili iliwaunganisha wanafunzi wake wanaojifunza Kiingereza na wazee wa makao ya Windsor Park, karibu na Chicago. Ilikuwa pia tangazo la biashara, tuseme ukweli, lakini wazo lilikuwa sahihi. Mwanafunzi alihitaji Kiingereza, mzee alihitaji mtu wa kuongea naye, na hakuna aliyemfanyia mwenzake huruma.

Huruma ndiyo inayoharibu. Mzee anaijua haraka sana sauti ya mtu aliyepiga kwa sababu anapaswa kupiga.

Corona na vipimo

Serikali nazo zikaamka. Januari 2018 Uingereza ikamkabidhi waziri Tracey Crouch jukumu la upweke, kazi iliyotokana na tume yenye jina la mbunge Jo Cox aliyeuawa mwaka 2016. Februari 2021 Japani ikafanya hivyo hivyo. Katikati hapo ilikuja corona, na mwaka 2020 dunia nzima ikageuka chumba cha mzee mpweke. Kenya ilifunga njia za kuingia na kutoka Nairobi kuanzia Aprili 6 mpaka Julai, na watu wakashuhudia mazishi ya wazazi wao kwenye simu.

Katika kipindi hicho hicho wataalamu wa Cochrane walipitia tafiti zote nzuri za kama simu za video zinapunguza upweke wa wazee. Walipata 3 tu, zote za makao ya wazee ya Taiwan, zenye jumla ya watu 201, na hitimisho lao ni kwamba ushahidi hautoshi kusema zinasaidia. Hivyo ukiambiwa na muuza vifaa kwamba kishikwambi chake kinatibu upweke, muulize vizuri.

Tafiti mbili za baadaye zinanipa moyo zaidi. Moja ni ya Texas, iliyochapishwa 2021. Watu 240 waliokuwa wakiletewa chakula nyumbani, wengi wazee, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapigiwa simu za kawaida kwa wiki 4 na vijana 16 wa miaka 17 hadi 23 waliopewa mafunzo mafupi ya kusikiliza. Mzee ndiye aliyechagua cha kuongea. Simu nyingi hazikufika dakika 10. Upweke, sononi na wasiwasi vikapungua.

Ya pili inaitwa I-CONECT, ya Detroit na Portland, Marekani. Wazee 186 wa miaka 75 na zaidi, wasio na watu wengi. Nusu waliongea kwa video na watu waliofunzwa, nusu saa, mara 4 kwa wiki kwa miezi 6, kisha mara 2 kwa wiki kwa miezi 6 mingine. Nusu nyingine walipigiwa simu ya dakika 10 mara moja kwa wiki tu, ili wawe kundi la kulinganisha. Waliopata video akili zilichangamka zaidi kwenye vipimo. Lakini kwenye hali ya moyo, makundi yote mawili yalipata nafuu. Lile kundi la kulinganisha, lililotarajiwa lisipate kitu, lilipata kitu. Dakika 10 kwa wiki.

Tusisahau upande wa pili

Mzee mpweke mtandaoni ni windo. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" sisi tunaucheka, mzee aliyekuwa anasubiri mtu yeyote amtafute anaujibu. Tapeli anajua kitu tunachokisahau: huyu mtu ana hamu ya kuongea. Anampigia kwa upole, anamwita mama, anamuuliza hali ya miguu. Wapo matapeli wanaojua maradhi ya wazazi wetu kuliko sisi. Kumnunulia mzee simu bila kumpa saa kadhaa za kukaa naye na kumwelekeza ni kumwacha njia panda usiku.

Na kuna wazee ambao mtandao hautawafikia leo wala kesho. Umeme hakuna, bando hakuna, masikio hayasikii. Kwa hao hakuna njia ya mkato.

Nikiyaweka yote pamoja, kuanzia modemu za 1986 mpaka jogoo wa Muheza, naona jambo linajirudia. Mtandao ulisaidia pale mzee alipopewa nafasi ya kufundisha, kusimulia, kurekebisha, kuulizwa. Ulishindwa pale alipopewa kifaa badala ya mtu. Na ule upweke wa pili wa Weiss, wa kumkosa mtu mmoja wa karibu, sijaona mashine iliyouweza. Labda unaweza kupunguzwa na mtu mmoja anayepiga kila wiki, siku ile ile, mpaka mzee akaanza kuisubiri.

Sisi ndio kizazi cha kwanza hapa kwetu ambacho wengi wake watazeekea mijini, kwenye vyumba vya kupanga, watoto wakiwa Dodoma, Doha au Toronto. Wajukuu wetu watatutendea kama walivyoona tukiwatendea bibi na babu zao. Wakiona tunatuma hela tu, na wao watatuma hela tu.

Mwite jioni ya leo. Usimuulize hali, atakwambia nzuri. Muulize kitu ambacho yeye peke yake anakijua, kisha nyamaza usikilize. Dakika 10 zinatosha. Kazi kwako.